Muulize Fundi: programu moja ya kila kitu, au kila kazi na programu yake?

Barua za safari hii zimenijia kana kwamba wasomaji walikaa kikao. Karibu zote zinauliza jambo moja: mtu aendelee na programu zake ndogo, kila moja na kazi yake, au ahamie kwenye kifurushi kikubwa kinachojitapa kufanya yote? Nimeyaacha maswali ya printa yasubiri toleo lijalo. Wenye printa mniwie radhi.

Fundi, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi ndogo. Barua naandika kwenye programu nyepesi ya maandishi, mahesabu kwenye jedwali, namba za wateja ziko kwenye programu ya anwani, na miadi iko kwenye kalenda inayojitegemea. Nimezizoea na hazinisumbui. Sasa amekuja kijana mwenzangu anasema mambo haya ni ya kizamani, tuweke kifurushi kimoja chenye kila kitu ndani. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka. Akanijibu kidole kimoja hakivunji chawa. Bosi akacheka, akasema tukuulize wewe. – Karani Mzoefu

Marahaba, dada. Methali zenu zote mbili ni za kweli, ndiyo maana hazikumaliza ubishi. Tuziweke kando tuitazame kazi yenyewe.

Chukua karatasi uiweke karibu na kibodi kwa wiki moja. Kila unapotoa kitu kwenye programu moja na kukipeleka kwenye nyingine, iwe kwa kunakili na kubandika au kwa kukichapa upya, andika kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Basi, usiandike kingine. Hivyo ndivyo vivuko vyako. Watu wengi hulinganisha programu kwa kusoma orodha ya mambo zinayoweza kufanya, na mimi sijawahi kuona orodha hiyo ikimsaidia mtu. Kifurushi kinaweza kufanya mambo mia na wewe ukahitaji manane. Programu nne ndogo zinaweza kuyafanya manane hayo hayo, tena kwa wepesi zaidi. Kinachokula muda ni kule kubeba vitu kwa mkono kutoka huku kwenda kule, na makosa nayo huzaliwa huko huko.

Tuseme mteja amebadili namba ya simu. Umeirekebisha kwenye programu ya anwani, ukaona umemaliza. Lakini ankara yake huwa unaitengeneza kwa kufungua ya mwezi uliopita, kubadili tarehe na kiasi, na kuihifadhi kwa jina jipya. Mle ndani namba ya zamani bado imekaa pale juu upande wa kulia. Kwenye kalenda nako, ulipoweka miadi yake, uliichapa namba hiyo kwenye maelezo ili usihangaike kuitafuta. Sasa habari moja ina makazi matatu, na umesafisha moja tu. Siku mwenzako akipiga simu kwa kutazama kalenda, anapokea mtu baki. Na ukizikagua programu zote tatu, hakuna hata moja yenye hitilafu.

Hapo kijana wako ana hoja, tena nzito. Ila angalia hoja yake inaishia wapi. Karatasi ikionyesha kwamba kivuko chenye msongamano ni kimoja, kutoka kwenye orodha ya wateja kwenda kwenye barua na ankara, unganisha hivyo tu. Ukiwa na kifurushi cha ofisi kama LibreOffice au Microsoft Office, orodha unaiweka kwenye jedwali, mstari wa kwanza ukiwa na vichwa: Jina, Simu, Anwani, Deni. Kwenye barua, pale ambapo ungeandika jina unaingiza sehemu inayolivuta kutoka kwenye safu ya Jina. Na simu na deni vivyo hivyo. Unaandika barua moja, unatoa amri, zinatoka barua kwa idadi ya wateja, kila moja na jina la mwenyewe. Namba ikibadilika, unaibadili mahali pamoja. Kazi hii programu yako nyepesi haiiwezi, na hakuna sababu ya kuilazimisha.

Kalenda je? Kama karatasi haina alama nyingi za kwenda na kutoka kwenye kalenda, iache ilipo. Kukihamisha kitu kisichokusumbua ili kifanane na vingine ni kujitafutia kazi. Kijana hatalipenda jibu hili kwa sababu anataka skrini moja nadhifu, na simlaumu, hata mimi napenda skrini nadhifu. Lakini mwambie akuonyeshe unadhifu huo uko wapi kwenye karatasi.

Siku ya kuhama, ichunge sifuri. Programu ya anwani itakutolea orodha kama faili la CSV, yaani maandishi matupu, kila mteja na mstari wake, koma ikitenganisha jina, simu na anwani. Usilibofye mara mbili. Ukilibofya, Excel, jedwali la Microsoft, italifungua papo hapo, itaona tarakimu zinazoanza na sifuri, itaamua kwamba hiyo ni hesabu, na sifuri ya mbele itatupwa kwa kuwa kwenye hesabu haina thamani. Ukihifadhi hapo hapo, imekwenda hiyo, na orodha nzima ya wateja haipigiki simu. Badala yake fungua jedwali tupu kwanza, kisha uliingize faili kutokea ndani ya programu. Kidirisha kinapokuonyesha safu zitakavyokaa, iguse safu ya simu useme ni maandishi. LibreOffice hukuletea kidirisha hicho hata ukibofya mara mbili, lakini usikipite mbio, kwani nayo usipoiambia itadhani ni hesabu.

Na haya hayawapati makarani peke yao. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa SEPT1 na MARCH1. Excel ilikuwa ikiyaona majina hayo inayageuza kuwa tarehe, na majedwali ya utafiti yakawa yanachapishwa yakiwa na tarehe badala ya jeni. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni ikaamua kuyabadili: SEPTIN1, MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kubadili jina la jeni kuliko kungoja programu ibadilike! Excel yenyewe ilikuja kuweka mahali pa kuuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Hiyo ndiyo gharama ya programu kubwa ambayo wauzaji hawaisemi. Inataka kumfaa kila mtu, kwa hiyo inakisia. Programu yako nyepesi ya maandishi haina habari na simu wala tarehe. Ukiandika sifuri inabaki sifuri.

Mwanangu Fundi, mimi ni mstaafu. Nina diski yenye kumbukumbu zangu za kazi, mamia ya mafaili yenye mkia wa .wps. Zamani niliyafungua kwa programu iliyokuwa na kila kitu: barua, jedwali, orodha. Kompyuta mpya inaniuliza niyafungue kwa kitu gani. Ndiyo yamekwisha? – Mzee wa Diski

Shikamoo mzee. Hayajaisha, tena yako salama kuliko unavyodhani.

Mafaili hayo ni ya Microsoft Works. Ukikutana na mtu akakwambia .wps ni ya WPS Office ya Kingsoft, naye hajakosea, mkia ni ule ule kwa programu mbili zisizo na undugu. Ya kwako ni Works kwa sababu umetaja barua, jedwali na orodha ndani ya programu moja.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana enzi zako zina jambo la kuwafundisha hawa wanaobishana leo. Jedwali la kwanza lililotamba kwenye kompyuta ndogo, VisiCalc ya mwaka 1979, lilikuwa jedwali tu. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ikiwa na jedwali, grafu na hifadhidata ndogo, ndizo hizo moja, mbili, tatu. Ikauzika mno. Basi mwaka 1984 kila mtu akataka kuweka vyote: Lotus wenyewe wakatoa Symphony, Ashton-Tate wakatoa Framework, Apple wakatoa AppleWorks. Works ya Microsoft kwa DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ikafuata mwaka 1987.

Nao hawakuwa wajinga. Kompyuta za DOS ziliendesha programu moja kwa wakati mmoja. Ukiwa kwenye barua na ukataka tarakimu kutoka kwenye jedwali, ulifunga barua, ukatoka, ukabadilisha diski laini, ukafungua jedwali, ukainukuu tarakimu kwenye karatasi, kisha ukarudi njia ile ile. Programu ya pamoja ilikuwa karibu njia pekee ya kuvuka. Ilipokuja Windows, programu kadhaa zikaweza kuwa wazi pamoja na ubao mmoja wa kunakilia, na nusu ya sababu hiyo ikafa. Na Symphony, pamoja na makuu yake yote, haikuipita 1-2-3 sokoni.

Sasa mafaili yako. Weka LibreOffice, haina malipo, nayo huyasoma maandishi ya Works. Usiyafungue moja moja mzee, utachoka. Yanakili yote kwenye folda moja, asilia usiyaguse, kisha mwombe mjukuu au jirani afungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo aandike hivi:

soffice --headless --convert-to odt *.wps

Kwenye Windows huenda ikabidi aandike njia nzima ya mahali soffice ilipowekwa. Yatatoka mafaili mapya ya ODT kando ya yale ya zamani. ODT ni muundo wa faili la maandishi ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006, na programu za kuisoma ni nyingi. Fungua machache yenye majedwali na picha uyalinganishe kwa jicho, kwani hapo ndipo mpangilio huvurugika. Barua za kawaida hazina shida.

Works iliachwa, nafasi yake ikachukuliwa na Office Starter 2010, nayo Starter ikaachwa baadaye. Wewe mafaili unayo bado.

Bwana Fundi, toleo lililopita ulimwambia msomaji anayetuma barua kwa wanachama wake aweke kifurushi cha ofisi. Umeniangusha. Watu wa Unix walilimaliza suala hili zamani: programu ifanye kazi moja na iifanye vizuri. Kifurushi ni uvivu. – Mtu wa Amri

Kaka, karibu. Nilimwambia hivyo kwa sababu ile ile niliyompa Karani Mzoefu hapo juu, na sirudi nyuma.

Lakini Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, umeitaja kwa nusu. Ilianza Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1969, na kilichoipa sifa unayoitaja ni bomba, wazo la Doug McIlroy ambalo Ken Thompson aliliweka ndani ya mfumo mwaka 1973. Bomba linachukua kinachotoka kwenye programu moja na kukimwaga kwenye nyingine. Tuseme nataka kujua wateja wangu ni wengi zaidi wa mji gani, na mji uko safu ya tatu (alama | ndiyo bomba):

cut -d, -f3 wateja.csv | sort | uniq -c | sort -rn

Ya kwanza inakata safu ya tatu, ya pili inapanga, ya tatu inahesabu mistari inayojirudia, ya nne inapanga tena kwa wingi. Hakuna inayojua kwamba nyingine ipo. Ni kazi safi, na mimi huitumia.

Umejiuliza kwa nini zinaelewana? Udogo wao si sababu. Zinaelewana kwa kuwa zote zimekubali umbo moja la kinachovuka: maandishi, mstari kwa mstari. Toa makubaliano hayo uone. Kalenda ya mezani ina hifadhidata yake iliyofungwa, programu ya vikumbusho ina yake, ya anwani ina yake. Ni ndogo zote, na hakuna bomba la kuziunga. Ukimpa Karani Mzoefu programu ndogo za namna hiyo ukamwambia hii ni falsafa ya Unix, umemwonea.

Na hata maandishi yana mitego yake. Jaribu amri ile kwenye mstari ambao anwani imeandikwa ndani ya alama za kunukuu ikiwa na koma katikati. cut haijui alama za kunukuu. Itakata kwenye koma, safu ya tatu itakuwa nusu ya anwani, na haitakupa onyo lolote. Jedwali lingeisoma sawasawa.

Mwaka 2020 huko Uingereza, matokeo ya vipimo vya korona yalitoka maabara kama mafaili ya CSV, ambayo hayana kikomo cha mistari, yakaingizwa kwenye kiolezo cha zamani cha Excel cha aina ya .xls, ambacho mwisho wake ni mistari 65,536. Kilichozidi kikaachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa wakati wake, na kuwatafuta waliokutana nao kukachelewa. CSV ilikuwa nzima na Excel ilikuwa nzima.

Halafu, kaka, nina hakika katika kambi yenu kuna wanaoshinda ndani ya Emacs tangu asubuhi, programu iliyoanza mwaka 1976 kama kihariri cha maandishi na leo watu wanasomea humo barua pepe, wanapangia ratiba na kuchezea michezo. Mbona huyo hujamwandikia barua ya kumwita mvivu?

Fundi, naandika kitabu. Juzi jedwali langu la mahesabu lilikwama ndani ya LibreOffice, na ghafla sura niliyokuwa naandika, ambayo ilikuwa dirisha jingine kabisa, ikafunga nayo. Je, niache kifurushi? – Mwandishi Mwenye Hasira

Pole sana. Ilivyo ni hivi: Writer ya kuandikia na Calc ya mahesabu unaziona kama programu mbili, lakini LibreOffice huziendesha zote ndani ya mchakato mmoja. Faida yake ni kwamba ya pili hufunguka upesi, kwa kuwa vitu vingi vimeshapakiwa. Hasara ndiyo hiyo iliyokupata, kwani moja ikianguka huanguka na mwenzake. Ukiifungua tena huwa inajaribu kuokoa, na mara nyingi inafanikiwa, ila inakurudishia hali ya mara ya mwisho ilipojihifadhi. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi upunguze muda huo uwe dakika mbili au tatu.

Kuhusu kuacha, mimi ningekutenganishia kazi mbili. Kuandika kitabu na kukipanga kurasa ni mambo tofauti. Unapoandika, huhitaji vitu vingi: herufi kubwa za kusomeka, kutafuta neno, kuhifadhi. Kihariri chepesi kinatosha, kila sura faili lake la maandishi matupu, folda moja. Faili la namna hiyo kwa sura nzima ni dogo sana, hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na likiharibika katikati unabaki na nusu inayosomeka. Maelezo ya chini ya ukurasa, yaliyomo na namba za kurasa yasubiri mpaka maneno yametulia; hapo ndipo unaingia kwenye kifurushi mara moja, na kwa kazi hiyo kifurushi hakina mpinzani.

Ila kama mhariri wako anasahihisha kwa alama za mabadiliko ndani ya Word, na mnarudishiana sura kila wiki, sahau niliyosema. Hicho ni kivuko chenye msongamano, na maandishi matupu hayabebi alama zake. Kaa kwenye DOCX, muundo wa Word, tangu mwanzo.

Nikuachie mbinu moja ya akiba. DOCX na ODT kwa ndani ni mafaili ya zip. Siku faili likikataa kufunguka kabisa, linakili, ubadili mkia wa nakala uwe .zip, ulifungue. Kwa DOCX, maneno yako yamo kwenye document.xml ndani ya folda iitwayo word; kwa ODT yamo kwenye content.xml. Yatakuwa yamezungukwa na vikorokoro vya alama, lakini yapo. Picha za DOCX utazikuta kwenye word/media, zikiwa nzima.

Ndugu Fundi, mimi ndiye ninayeidhinisha manunuzi ofisini. Tunaletewa programu ya usajili wa kila mwezi yenye barua pepe, kalenda, wateja na kazi, vyote pamoja. Kila anayeionyesha anasema hatutabeba kitu kwa mkono tena. Nitajuaje kama tutajuta? – Mwenye Sahihi

Anachosema ni kweli kwa ndani. Hajakwambia habari za kutoka.

Usiwaulize kama data inatoka, watasema inatoka. Wakati wa majaribio, kabla ya sahihi yako, itoe wewe mwenyewe. Weka wateja wachache wa kubuni wenye majina marefu na anwani zenye koma, miadi inayojirudia kila wiki ambayo umeihamisha siku moja tu, na barua pepe yenye kiambatisho. Kisha amuru vitoke kwa njia ambazo programu nyingine huzielewa: wateja kwa vCard au CSV, miadi kwa iCalendar, barua kwa mbox au kwa IMAP. Viingize kwenye programu nyingine kabisa, Thunderbird ya barua pepe kwa mfano, utazame. Mimi hutazama ile miadi niliyoihamisha, maana wengi huitoa ikiwa imerudi kwenye siku yake ya zamani, au imeandikwa mara mbili. Kama kitufe cha kutoa hakipo kwenye skrini yako na inabidi kuandikia huduma kwa wateja, umeshapata jibu.

Sikatai vifurushi vya namna hii. Barua pepe na kalenda vina vivuko vya kweli. Mwaliko wa mkutano huja kama barua na kuishia kwenye kalenda. Tazama Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Walirithi mtindo wa Netscape Communicator ya mwaka 1997, kivinjari na barua pepe na kihariri cha kurasa ndani ya kifurushi kimoja kizito, wakakivunja. Firefox 1.0 ikatoka Novemba 2004 ikiwa kivinjari tu, Thunderbird 1.0 ikatoka mwezi uliofuata ikiwa ya barua. Kivinjari kikaruka. Lakini mwaka 2015 Thunderbird ikaanza kuja na kalenda ndani yake. Kivinjari hakikurudishwa, kalenda iliongezwa kwa kuwa watu walikuwa wakivuka hapo kila siku.

Jambo la pili la kuwauliza ni data inakaa kwenye mafaili mangapi. Outlook za zamani, programu ya barua pepe ya Microsoft, mpaka toleo la 2002, ziliweka barua, kalenda, anwani na kazi kwenye faili moja la PST ambalo mwisho wake ulikuwa GB 2. Likifika hapo lilikwama, na dawa iliyotolewa ilikuwa kulikata mkia, na baadhi ya vilivyomo vikaenda na mkia huo. Toleo la 2003 lilileta muundo mpya wenye nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo swali bado ni halali kwa programu yoyote ya leo: kitu kimoja kikiharibika, ni vingapi vinaondoka nacho?

Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 4. Kifurushi au programu ndogo? – Msomaji

Kwa GB 4 anayekumaliza ni kivinjari. Funga vichupo usivyovisoma, kisha utumie upendacho. Na kuwa mwangalifu na programu "ndogo" za siku hizi: nyingi za kuandikia vikumbusho na kupigia soga zimejengwa juu ya Electron, yaani kila moja inakuja na kivinjari chake kizima tumboni. Ukifungua tatu, umefungua vivinjari vitatu. Fungua orodha ya michakato uangalie safu ya kumbukumbu kabla hujaamini jina dogo.

Fundi, nimesasisha Windows na WordPad imepotea. Ni virusi? – Niliyeshtuka

Si virusi. WordPad ilikuwapo tangu Windows 95, ikaondolewa kwenye Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024. Nasikitika kidogo, maana ilikuwa pale pale katikati: ina herufi nene na picha, haina makeke. Notepad imebaki, ila nayo siku hizi ina vichupo na inasahihisha tahajia. Mtunga programu Jamie Zawinski alisema miaka mingi iliyopita kwamba kila programu hujitanua mpaka iweze kusoma barua pepe. Naisubiri Notepad.

Mafaili yako ya RTF, yale uliyoyaandika kwa WordPad, hayajaguswa. Bofya moja kwa kitufe cha kulia, chagua kulifungua kwa LibreOffice Writer au Word, na uweke tiki pale panaposema itumike kila mara.